Rais wa Marekani akifa anazikwa wapi? Muulizeni mjane

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni historia ya Marekani, na kwamba ndani ya hiyo historia nimejikita zaidi kwenye makaburi ya viongozi, swali la kwanza karibu kila mara ni lile lile: makaburi ya marais wao yako wapi, yaani ile sehemu yao maalum ya kuzikana? Haipo. Marekani haijawahi kuwa na eneo la taifa la kuzikia marais na hakuna sheria inayosema rais lazima azikwe mahali fulani. Marais 40 waliokwisha kufariki, kuanzia George Washington 1799 mpaka Jimmy Carter Desemba 2024, wametawanyika kwenye majimbo 19, na mji mkuu wenyewe umeambulia mmoja tu, Woodrow Wilson, aliyezikwa ndani ya kanisa kuu la National Cathedral. Virginia wako 7, New York 6, hapa Ohio ninapoishi 5, Tennessee 3, waliobaki ni mmoja huku wawili kule, na wengine wako kwenye vimji ambavyo ukipita na gari bila kuangalia kibao unavipita hivi hivi.

Sababu yake ni familia. Serikali inaleta jeshi, bendera, mizinga, ndege na gwaride, lakini mwili ni wa nyumbani, na nyumbani mwenye neno la mwisho mara nyingi sana ni mjane. Sisi tuliomwona Mwalimu akirudishwa Butiama hili halitushangazi hata kidogo, ila Wamarekani walifika hapo kwa kuvutana, na mimi naona ukiufuata huo mvutano ndo unaielewa ramani nzima ya makaburi yao.

Tuanze na Washington mwenyewe. Kwenye wosia wake aliandika wazi kwamba anataka azikwe kwake Mount Vernon, kwenye kaburi jipya la matofali, kwa sababu lile la zamani la familia lilikuwa linahitaji matengenezo na mahali lilipokaa palikuwa pabaya. Alipofariki tu, Kongresi ikapitisha azimio kwamba akalazwe chini ya jengo la bunge, Capitol, ambalo hata lilikuwa halijaisha kujengwa, wakamwandikia mjane wake Martha, na yeye kwa uchungu akakubali. Alafu jengo likachelewa, Martha akafariki 1802, miaka ikaenda. Mwaka 1830 mtu akavunja kaburi la zamani akitaka kuiba fuvu la Washington, akaondoka na fuvu ambalo halikuwa lake, na hapo familia ikashtuka ikajenga lile kaburi jipya ambalo mzee aliliomba toka zamani, wakamhamishia humo 1831. Mwaka uliofuata ndo inatimia miaka 100 tangu azaliwe, Kongresi ikarudi tena kuomba mwili, na mrithi aliyekuwa anamiliki Mount Vernon akakataa kabisa. Chumba walichomwandalia chini ya Capitol kipo mpaka leo na hakuna mtu aliyewahi kuzikwa humo. Kwa maoni yangu hapo ndo mambo yote yalipoamuliwa, maana kama baba wa taifa amelala shambani kwake, nani mwingine angelazimishwa kulala kwenye jengo la serikali?

Ila ukifika Mount Vernon usiishie kwenye lile kaburi la matofali. Ukitembea kidogo tu kutoka pale kuna makaburi ya watumwa wa shamba hilo, watu ambao jasho lao ndo lililolisha ile nyumba, na hawana mawe yenye majina. Jiwe la kwanza la kuwakumbuka liliwekwa 1929, mnara mwingine ukaja 1983 uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, na miaka ya karibuni wanaakiolojia wamekuwa wakitafuta mipaka ya kaburi moja moja bila kufukua mabaki. Kwa Jefferson kule Monticello ni hivyo hivyo, yeye ana mnara wenye maandishi aliyoyatunga mwenyewe, akajitaja kwa mambo matatu, kuandika Azimio la Uhuru, sheria ya Virginia ya uhuru wa dini na kuanzisha Chuo Kikuu cha Virginia, urais hakuutaja kabisa, wakati Sally Hemings, mtumwa wake aliyezaa naye watoto, hakuna anayejua alizikwa wapi. Mimi nikifundisha mada hii siwezi kutaja moja nikaacha jingine.

Sasa tuje kwa Lincoln, na hapa naomba mnivumilie maana hili kaburi lina mambo mengi kuliko yote. Alipigwa risasi Aprili 1865, akawekwa dawa mwili usiharibike, akapakiwa kwenye treni kurudi Illinois, safari ya karibu wiki mbili inasimama mji hadi mji watu wanapanga foleni kumuaga, na kwenye treni hiyo hiyo kulikuwa na jeneza dogo la mwanae Willie aliyefariki 1862, ambaye walimfukua ili waende wote. Wakubwa wa Springfield walikuwa tayari wameshanunua kiwanja katikati ya mji na kuanza kujenga kaburi, wanataka kila anayeshuka stesheni alione. Mary Lincoln akakataa. Akasema ni Oak Ridge, makaburi ya nje ya mji penye miti na utulivu, tena na yeye na watoto wazikwe hapo hapo, na msipokubali mwili naupeleka kwingine. Wakamwona mkorofi, magazeti yakamsema, lakini akashinda, na kwa kweli huwa napata hasira nikisoma jinsi walivyomwandika, mwanamke aliyeuliwa mumewe akiwa amekaa naye kiti kwa kiti, eti anasumbua kamati.

Alafu 1876, usiku wa uchaguzi, tarehe 7 Novemba, genge la watengeneza noti bandia kutoka Chicago likaja kumuiba. Mpango wao ulikuwa wamfiche, waidai serikali dola 200,000 na kuachiwa kwa fundi wao wa kuchonga sahani za noti aliyekuwa gerezani. Kaburi lilikuwa na kufuli la kawaida tu. Wakalikata, wakafunua sanduku la marumaru, wakaanza kulivuta jeneza nje, wasijue kwamba mmoja waliyemwajiri kuwasaidia alikuwa ni mtu wa Secret Service, idara ya serikali iliyokuwa inawasaka watengeneza noti bandia, na askari wamejificha mle mle ndani wanasubiri. Bastola ya askari mmoja ikafyatuka kwa bahati mbaya, wezi wakakimbia, wakakamatwa Chicago baada ya siku chache, na kifungo chao kikawa mwaka mmoja tu kwa sababu sheria ya Illinois ya wakati ule haikuuona wizi wa maiti kama kosa kubwa, ikabidi washtakiwe kwa kujaribu kuiba jeneza.

Baada ya hapo mlinzi wa kaburi na wenzake wachache wakalificha jeneza kwenye chumba cha chini cha ule mnara, wakalifunika kwa mbao, wakanyamaza. Kwa miaka watu walikuwa wanakuja kutoka mbali wanasimama mbele ya sanduku la marumaru wanalia na ndani hamna mtu. Mwishowe, 1901, mwanae Robert akaamua kaburi lifungwe moja kwa moja, jeneza likawekwa ndani ya kizimba cha chuma, likashushwa futi 10 chini na kumwagiwa zege. Kabla ya kumwaga wakatoboa kale kasehemu ka juu ya uso wahakikishe ni yeye, watu 23 wakachungulia, na wote wakamtambua, ndevu zile, kile chunjua cha shavuni. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 13 aliyeitwa kutoka shule, akaishi mpaka 1963. Kwa hiyo lile jiwe kubwa jekundu mnaloliona kwenye picha ni alama tu, mwenyewe yuko chini huko ndani ya zege.

Msidhani wizi huo ulikuwa wa kipekee. Kipindi hicho vyuo vya udaktari vilikuwa na njaa ya maiti za kufundishia, na wezi wa makaburi walikuwa na soko la uhakika. Mwaka 1878 hapa Ohio alizikwa John Scott Harrison, mtu pekee aliyekuwa mtoto wa rais na baba wa rais, kaburi likajengewa kwa matofali na mawe mazito na mlinzi akalipwa, na kesho yake mwili ukakutwa chuo cha udaktari Cincinnati ukining'inia kwa kamba kwenye shimo la kupandishia maiti, na waliomkuta ni mwanae pamoja na polisi, tena walikuwa wameenda kumtafuta marehemu mwingine kabisa. Ukiijua hiyo ndo unaelewa kwa nini Robert Lincoln hakutaka mchezo na zege.

Turudi kwa wajane. Grant alikuwa jenerali, watu wakategemea atazikwa West Point, chuo cha jeshi, lakini mkewe Julia asingeweza kulazwa pale, na Grant alitaka wakae pamoja, kwa hiyo akapelekwa mji wa New York kwenye lile jengo la ajabu juu ya mto Hudson lililofunguliwa 1897 kwa michango ya watu karibu 90,000, na Julia alipofariki 1902 akawekwa ubavuni kwake, masanduku mawili ya mawe mekundu yanayofanana kabisa. Eisenhower, aliyekuwa na haki zote za Arlington, makaburi ya kitaifa ya wanajeshi kule Virginia, akachagua Abilene, Kansas, alikokulia, na mwanae aliyefariki 1921 akiwa na miaka mitatu alishahamishiwa hapo kabla yake. Jeneza lake lilikuwa lile lile la dola 80 wanalopewa askari. Hiyo mimi naiheshimu sana.

Kwa Kennedy 1963 watu wake wa Boston walikuwa na uhakika anarudi Massachusetts. Mjane wake Jackie akasema hapana, ni wa nchi nzima, Arlington, na ule moto usiozimika ni wazo lake. Kabla yake rais aliyezikwa Arlington alikuwa mmoja tu, Taft. Ndani ya miaka mitatu walifika watu zaidi ya milioni 16, njia zikachoka, ikabidi wajenge upya na kumhamisha mita chache 1967. Watoto wao wawili waliofariki wachanga waliletwa wakazikwa naye, na Jackie mwenyewe akaungana nao 1994.

Kuna waliokosa hata walichokiomba. John Tyler alitaka mazishi ya kawaida shambani kwake, ila alifariki Richmond Januari 1862 akiwa amechaguliwa kwenye bunge la waasi wa Kusini, wakamfanyia mazishi makubwa chini ya bendera yao, na Washington ikakaa kimya kama vile hakuwahi kuwa rais, mpaka 1915 ndo Kongresi ikamwekea mnara. Polk naye aliandika wosia azikwe nyumbani kwake Nashville, mkewe Sarah akalitunza lile kaburi miaka zaidi ya 40, alivyokufa tu mahakama ikauvunja wosia, mwili ukapelekwa kwenye uwanja wa bunge la Tennessee 1893 na nyumba ikabomolewa. Zachary Taylor yeye alifukuliwa 1991, miaka 141 baada ya kifo, kupima kama aliwekewa sumu ya arseniki. Hakuwekewa.

Na makamu wa rais? Hapa ndo roho inaniuma, maana hao hata Wamarekani wenyewe hawawajui. Makamu 7 wamefia madarakani. Wa kwanza George Clinton, 1812, alizikwa Washington kwenye makaburi ya Congressional, na 1908 kaunti yake ya New York ikaja kumchukua wakamrudisha Kingston, karibu karne nzima baadaye. Elbridge Gerry aliyemfuata na kufa 1814 bado yuko pale pale Congressional, ndiye mtia saini pekee wa Azimio la Uhuru aliyezikwa ndani ya mji mkuu, na mara nyingi ukienda humkuti mtu. Aaron Burr yuko Princeton karibu na baba yake na babu yake, wote waliokuwa wakuu wa kile chuo, na alikaa karibu miaka 20 bila jiwe. Nelson Rockefeller yuko kwenye makaburi binafsi ya familia, Agnew kwenye makaburi ya kawaida nje ya Baltimore.

Mkitaka kuona wengi kwa safari moja nendeni Crown Hill, Indianapolis. Yuko Rais Benjamin Harrison, mtoto wa yule aliyekutwa kwenye kamba, na makamu watatu, Hendricks, Fairbanks na Marshall. Kuingia ni bure, ila eneo ni kubwa sana kwa hiyo chukua ramani ofisini kwanza. Watu wengi wanakwenda moja kwa moja kwa John Dillinger, yule mwizi wa mabenki wa miaka ya 30, jiwe lake wameshalimega vipande mpaka likabadilishwa zaidi ya mara moja. Anzeni kwa Hendricks. Alikuwa makamu kwa miezi minane tu kabla ya kufa Novemba 1885, mnara wake ni mrefu, unauona kabla hujafika.