Kujuana na watu: maana yake kwa anayeanza kazi ya kutafuta wafanyakazi

Neno "kujuana" limechafuka. Ukisikia fulani kapata kazi kwa kujuana, huhitaji kuuliza zaidi: kuna mwenye sifa aliyeachwa nje. Ndiyo maana mtu anayeingia katika uwakala wa ajira akiambiwa siku ya kwanza kwamba mtaji wake ni watu anaowafahamu, ana haki ya kukunja uso. Humu ndani, hata hivyo, neno hilo lina kazi nyingine. Kujuana hakumpi mtu ajira. Kunaleta jina mezani, na jina hilo litapita kwenye usaili kama majina mengine yote.

Tuanze na jinsi wakala anavyokula. Mwajiri analeta nafasi iliyo wazi, wakala anamtafuta mtu, na katika mpango ulioenea zaidi halipwi chochote mpaka mtu huyo aajiriwe. Ada yake huwa ni asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Aliyeajiriwa akiondoka kabla kipindi cha dhamana hakijaisha, ambacho mara nyingi ni cha miezi michache, wakala hurudisha ada au sehemu yake, au hutafuta mtu mwingine bure. Kwa hiyo kuleta mtu asiyefaa ni hasara ya fedha taslimu, achilia mbali aibu.

Sasa jiulize kilicho adimu hapo ni nini. Si majina. LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na taaluma, ilifunguliwa mwaka 2003, na leo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kukusanya wahasibu mia kabla ya chakula cha mchana. Kilicho adimu ni habari zao. Nani anaijua kazi kweli? Nani sivii yake inang'aa kuliko mikono yake? Nani ameanza kuchoka alipo ingawa hajamwambia mtu? Hayo hayaandikwi popote. Yamo vichwani mwa watu waliowahi kukaa nao ofisi moja, na hao hawamfungukii mtu wasiyemjua anayepiga simu ghafla.

Hapo ndipo mtandao wako wa watu unapopata thamani. Watu wengi hukosea kwa kudhani ni orodha ya marafiki watakaowatafutia kazi, au ya mabosi watakaowapa nafasi za kujaza. Marafiki wa namna hiyo ni wachache na huisha mapema. Thamani kubwa iko kwa watu wanaokuelekeza kwa wengine.

Jambo hili lina utafiti wa zamani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala yenye hoja iliyowashangaza wengi: katika kutafuta kazi, watu tunaofahamiana nao juu juu hutufaa kuliko wa karibu. Aliwahoji watu waliokuwa wamebadilisha kazi muda si mrefu. Miongoni mwa waliopata habari za kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 karibu hawakuonana kabisa. Sampuli yake ilikuwa ndogo, lakini maelezo yake ni mepesi kuyakubali: rafiki wa chanda na pete anawajua watu wale wale unaowajua, anasikia yale yale unayoyasikia. Yule mliyesoma naye kozi moja miaka sita iliyopita anaishi kwenye duara lingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, nao uliongeza jambo moja: wanaosaidia zaidi ni wa katikati, si wa karibu mno wala wale ambao hata jina lako wamelisahau.

Kwa wakala mpya, maana yake ni kwamba simu ya kwanza haiendi kwa rafiki mkubwa. Na swali lenyewe lina namna yake. Tuseme unatafuta msimamizi wa ghala, na unamkumbuka dada mmoja aliyekuwa kitengo cha manunuzi mahali ulipofanya kazi zamani. Ukimwuliza, "Dada, unamjua mtu anayetafuta kazi?" atakupa binamu yake. Mwulize hivi: "Dada, habari za siku nyingi. Pale ghalani enzi zetu, mzigo ukipotea, nani alikuwa anaitwa?" Atacheka, na jina litamtoka kabla hajafikiri. Mara nyingi mwenye jina hilo hatafuti kazi yoyote, na ndiye uliyekuwa unamhitaji. Malizia kwa kuomba ruhusa ya kumtaja dada huyo utakapopiga. Akisita, usimtaje.

Wengi hujikwaa baada ya hapo. Wanapokea jina, wanashukuru, wanapotea. Miezi minne baadaye wanapiga tena wakitaka jina jingine, na dada hapokei. Kumrudishia habari ("nilimpata, tumezungumza, ila mshahara haukumvuta") ni ujumbe wa nusu dakika.

Kuna mipaka pia, na hii haina mzaha. Ukihama kutoka kwa wakala mmoja kwenda kwa mwingine, orodha ya wateja haihami nawe; mikataba mingi inakataza hata kuwagusa wateja hao kwa muda fulani. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu Mei 2018 inakutaka uwe na msingi halali wa kutunza taarifa za mtu. Namba uliyopewa kirafiki si mali ya ofisi.

Halafu kuna hatari inayoturudisha kwenye lile neno lililochafuka. Watu hufahamiana na wanaofanana nao: umri, shule, kabila, jinsia. Ukitegemea mtandao wako peke yake, utawaletea waajiri sura ile ile kila mwezi, bila kumpendelea mtu hata mmoja kwa makusudi. Kwa maoni yangu kila nafasi itangazwe hadharani pia, na majina yaliyotoka kwa watu yapimwe kwa maswali yale yale.

Kwa vyovyote, mtandao ulioingia nao hauna kina kirefu. Aliyetoka uuguzi anawajua wauguzi, aliyetoka mauzo anawajua wauzaji. Ni vizuri aanzie hapo, lakini ataona simu zikianza kurudi kwa watu wale wale. Mtandao unaofuata anautoa kwenye kazi yenyewe. Kwa kila nafasi iliyojazwa kuna mmoja aliyepata na pengine wanne waliofika usaili wakakosa. Mawakala wengi humpigia yule mmoja. Hao wanne wamejiandaa, wameeleza maisha yao yote ya kazi, kisha wakabaki kuitazama simu. Ukiwapigia jioni ile ile, ukawaambia wamekosa na kwa nini, watakuwa wamepata kutoka kwako kitu ambacho mawakala wengi hawakuwahi kuwapa, na kila mmoja wao ana ofisi nzima ya watu anaowajua.