Kuachilia ni nini, na kunatofautianaje na kutelekeza

Ukihudhuria jumuiya huku kwetu Iringa, neno hili utalisikia kabla chai haijamiminwa. "Dada, samehe na uachilie." "Achilia, mwachie Mungu." Tumelitumia mpaka limechakaa, na wengi wetu tunaitikia "amina" bila kujua tumeambiwa tufanye nini hasa.

Kwa kawaida ya kanisani, kuachilia ni kusamehe: mtu amekukosea, nawe unalifuta deni lake moyoni. Hiyo ni maana sahihi. Ipo maana ya pili, na ndiyo ninayotaka kuieleza: kuacha kumwendesha mtu mwingine, awe mume, mtoto mkubwa, mdogo wako au muumini mwenzako, na kurudi kuishughulikia nafsi yako mbele za Mungu. Katika maana ya kwanza unaachilia kosa lake. Katika ya pili unaachilia usukani wa maisha yake, ambao hata hivyo hujawahi kuwa nao.

Watu huogopa neno hili kwa sababu wanalichanganya na kutelekeza. Aliyetelekeza ameondoka, simu hapokei, hajui mtu wake amelala wapi wala amekula nini. Aliyeachilia yuko palepale nyumbani. Anasalimia, anapika, anauguza, anasema ukweli akiulizwa. Kilichobadilika ni kwamba amekoma kubeba mzigo wenye mwenyewe.

Nitoe mfano wa huku kwetu. Mvua zikikolea, mianzi huchipua, wagema huyakata machipukizi nchani, na maji yanayodondoka ndiyo ulanzi. Ukiwa mpya ni mtamu. Ukilala unachacha na kuwa mkali. Ni kinywaji cha wazee wetu, na wengi hukinywa wakarudi nyumbani salama. Ila kila mtaa una nyumba ambayo kwake msimu huo ni msimu wa vita. Mke anazunguka vilabuni na tochi saa tatu usiku. Anaficha pesa kwenye debe la unga. Asubuhi anapiga simu kazini kwa mumewe kusema ana malaria. Deni la kilabuni analilipa yeye ili aibu isiwafikie wakwe. Yote hayo anayafanya kwa upendo, sibishi. Lakini matokeo ya ule unywaji hayajawahi kumfikia mume, kwa maana mke huyapokea mlangoni. Na mke mwenyewe, aliyekuwa akiongoza sifa kanisani, hana tena dakika kumi za kusali kwa utulivu. Sala zake zote zimekuwa jina la mtu mmoja.

Mambo haya yaliwahi kumpata mwanamke mmoja wa Marekani, Lois Wilson. Mumewe, Bill Wilson, alikuwa mlevi kwa miaka mingi, na Lois alihangaika kumwachisha kwa kila njia aliyoijua. Mwishowe Bill aliacha pombe, na mwaka 1935 yeye na daktari Bob Smith wakaanzisha Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha. Ungetegemea Lois afurahi. Siku moja Bill alimhimiza waharakishe kwenda kwenye mkutano, naye akamrushia kiatu kwa hasira. Hasira ile ilimshtua mwenyewe. Aligundua kwamba maisha yake yote alikuwa ameyajenga juu ya kazi ya kumbadilisha mumewe, na kazi hiyo ilipokwisha, ndani hakubaki na kitu. Akaanza kujitazama. Mwaka 1951 alishirikiana na wenzake kuanzisha Al-Anon, ushirika wa ndugu wa walevi. Humo hufundishana mambo matatu: kwamba hukuusababisha ulevi wa mtu wako, huwezi kuutawala, wala huwezi kuuponya. Kinachokuhusu ni kupona kwako wewe.

Kile kiatu kinaniambia mengi kuliko mafundisho yote, kwa sababu kinaonyesha kwamba tabia ya kumwendesha mtu huwa ni ugonjwa wa pili, unaoweza kubaki hata ule wa kwanza ukipona.

Maandiko yetu hayako mbali na hapo. Katika Mathayo sura ya 7 Yesu anazungumzia kibanzi kilicho katika jicho la ndugu yako na boriti iliyo katika lako, na wahenga wetu nao wamesema nyani haoni kundule. Tukisoma haraka tunadhani tunakatazwa kumsaidia ndugu. Soma mpaka mstari wa tano: ukishaitoa boriti ndipo utakapoona vema kukitoa kibanzi. Msaada upo, ila una zamu yake. Kwa Waislamu, Qurani sura ya 28 aya ya 56 inamwambia Mtume kwamba yeye hamwongoi ampendaye, bali Mungu humwongoa amtakaye, na wafasiri wengi huihusisha aya hiyo na Abu Talib, ami yake aliyemlea. Ikiwa yeye aliambiwa hivyo kuhusu ami yake, sisi tuna nini cha zaidi?

Kuna methali inayowaumiza sana wazazi katika jambo hili: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimeona mama mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, kijana wake ana miaka thelathini na mitatu, akiibeba methali hiyo kama hukumu. Methali inasema juu ya malezi ya mtoto. Mtu mzima ana hiari yake, na ukiendelea kumlea kama mtoto unamnyima hata nafasi ya kutubu. Baba wa mwana mpotevu, katika Luka 15, alimgawia mwanawe urithi akamwacha aende. Hakumfuata nchi ya mbali. Lakini alimwona angali mbali, maana yake macho yake yalikuwa njiani.

Hata maombi yanaweza kuwa njia ya kumwendesha mtu. "Bwana, mtoe kwenye kampuni ile, mhamishie Njombe, mpe mke mcha Mungu": hapo tumeshampangia yeye na Mungu pia. Mimi nimejifunza kumtaja mtu kwa jina tu, nikanyamaza, kisha nikauliza, "Na mimi, Bwana?" Swali hilo ni gumu. Paulo anapotaja tunda la Roho kwa Wagalatia anaanza na upendo na kumalizia na kiasi, yaani kujitawala. Kumtawala mwenzako hakumo katika orodha ile.

Ipo mipaka, na sitaki msomaji yeyote aumie kwa kunielewa vibaya. Mtoto mdogo haachiliwi. Analelewa na kuongozwa. Na anayepigwa nyumbani asiambiwe aachilie na kuvumilia. Aondoke mahali pa hatari, aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa mtoto anayeteswa, namba 116 hupigwa bure. Kumzuia mtu asikuumize hakuitwi kumwendesha.

Mimi ni dada mkubwa kwetu, na mdogo wangu anakunywa. Kwa miaka saba nilimlipia madeni, nikamtafutia vibarua kwenye mbao Mafinga, nikamsomea Zaburi akiwa hawezi hata kukaa wima. Mwaka juzi nilimwambia mara moja, kwa sauti ya kawaida: deni lako sitalilipa tena, ila ugali wako upo siku zote. Alikasirika, hakuja miezi miwili. Katika miezi hiyo nilikutana na mambo yangu: kiburi cha kutaka kuitwa mwokozi wa ukoo, na chuki niliyoifunika kwa huruma. Nimeyaungama, na mengine bado ninayo. Yeye hajaacha pombe. Jumapili iliyopita alikuja, akala, akaosha sahani yake mwenyewe, tukakaa kibarazani tukitazama mvua ikija. Sikumuuliza ametoka wapi.