Taa ya ABS Ikiwaka, Si Lazima Sensa Iwe Imekufa

Wengi huamini kwamba taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga gari linapofunga breki) ikiwaka kwenye dashibodi, sensa ya gurudumu, yaani kifaa kinachopima kasi yake, imekufa na dawa yake ni kununua nyingine. Lakini sensa huweza kuwa nzima. Katika magari mengi ya kisasa, sensa husoma pete nyembamba yenye sumaku iliyo kwenye sili (kizibo cha pembeni) ya beringi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kwa hiyo beringi ikilegea, pete huyumba, nafasi kati yake na sensa hubadilika gurudumu linapozunguka, na kompyuta hupokea ishara zinazokatikakatika. Kutu iliyojikusanya chini ya sensa, au waya uliochubuka, huweza kuleta dalili zilezile.

Lipo pia kosa la fundi, linaloudhi zaidi kwa kuwa beringi ni mpya. Sumaku haionekani kwa macho, na pande mbili za beringi hufanana sana, hivyo beringi hushindiliwa kinyume, pete ikawa mbali na sensa, na taa ikaendelea kuwaka hata sensa ibadilishwe mara ngapi. Kibanio cha karatasi cha chuma kikisogezwa taratibu kwenye sili kabla ya kufunga, huvutwa upande wenye pete.