Umeng'olewa gego? Meza dawa kabla ganzi haijaisha

Mimi ni dakta wa meno hapa Unguja na kila nikimaliza kumpasua mtu fizi kumtoa gego la mwisho naulizwa hilo hilo, dakta nikifika nyumbani nimeze nini. Leo niandike kwa urefu kidogo maana wengi wanateseka bure.

Ganzi tunayopiga, lignokeini iliyochanganywa na adrenalini, mdomo unabaki mzito masaa matatu manne hivi, na mtu akiwa hasikii kitu anaona vidonge vya nini, anaviweka, anapanda zake daladala anakwenda kulala, usiku ndo anaamka taya linapwita na hapo dawa inakuwa inakimbiza maumivu yaliyokwisha kumtangulia. Kwahiyo mimi namwambia ale uji au kitu laini cha baridi kabla ganzi haijaisha, taratibu asijing'ate, ameze dozi ya kwanza, halafu siku mbili tatu za mwanzo afuate saa, asingoje kuumwa. Uvimbe wenyewe unafika kileleni siku ya pili au ya tatu, usiogope ukiamka kesho shavu limezidi kuliko jana.

Sasa dawa gani. Kwa mtu mzima asokuwa na maradhi mengine naandika ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000, yani vidonge viwili vya 500, kila baada ya masaa sita mpaka manane. Watu wanashangaa kwanini mbili. Ni kwa sababu hazifanyi kazi njia moja, ibuprofeni inazuia mwili kutengeneza prostaglandini pale kwenye kidonda, ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu, parasetamoli yenyewe kazi yake zaidi iko kwenye ubongo, ukiziunganisha zinashinda ukimeza moja peke yake. Ila parasetamoli isipite vidonge vinane kwa masaa 24, ini halina mzaha. Tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, sikimbilii, inalevya, inatapisha, na uvimbe haiugusi. Gego likiwa limelala ndani ya mfupa na najua nitachonga sana, naongeza deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe, dozi moja, mdomo unafunguka vizuri zaidi kesho yake.

Kinachonitia hofu ni kuchanganya. Alinijia bi mkubwa mmoja kutoka Pemba, nikamuandikia ibuprofeni, kumbe ana diklofenaki zake za magoti na hakunitajia kwa sababu kwake yeye ile ni dawa ya magoti, akameza zote mbili, siku ya nne anaharisha choo cheusi kama lami, yani tumbo linavuja damu ndani. Alipona alhamdulillahi, lakini toka siku ile namwambia kila mgonjwa aje na mfuko wake wa dawa wote tuumwage mezani. Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu wa tumbo moja, usimeze mbili pamoja, na vipo vidonge vya diklofenaki ambavyo parasetamoli imo ndani yake tayari, soma boksi. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu inayoamshwa na aspirini, anaetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, au mja mzito, hasa mimba ikipita wiki 20, aniambie kabla sijaandika. Na aspirini msiiponde mkaiweka kwenye fizi jamani, inaunguza nyama.

Ramadhani kama jino linaweza kungoja tunangoja mpaka Iddi ipite, haliwezi basi tunapanga futari na daku, na tumbo lisiwe tupu.

Wanaouliza mafuta ya karafuu, ndiyo, yujinoli iliyomo ndani inatia ganzi kweli na sisi wenyewe tunaitumia klinik, lakini msimimine mafuta makali kwenye shimo bichi. Maumivu yakianza kupoa halafu siku ya tatu au ya nne yakarudi kwa nguvu yanapanda mpaka sikioni na mdomo unanuka, pande la damu limetoka shimoni na mfupa uko wazi. Hapo usiongeze vidonge wala usinunue amoksilini dukani, rudi tukusafishe shimo tukuwekee dawa humo ndani, na dawa yenyewe mara nyingi ina hiyo hiyo yujinoli ya karafuu.