Pomboo, Mvuvi na Wavu: Uhusiano wa Kale Katika Maji Yetu

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, pomboo aliyevuliwa kusini mwa Unguja alikuwa na thamani iliyojulikana na kila mvuvi: nyama yake ilikuwa chambo kizuri cha papa. Wavuvi wa Kizimkazi walimwinda kwa chusa na kwa nyavu, na hapakuwa na aliyeona ajabu katika jambo hilo. Kisha wageni wakaanza kuomba kupelekwa baharini kumtazama mnyama huyo akiwa hai, na manahodha wakatambua kwamba pomboo anayeogelea huleta fedha siku baada ya siku, ilhali aliyekatwa chambo huleta fedha mara moja tu. Uwindaji wa makusudi ukakoma, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 470, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Hayo ni mabadiliko makubwa kutokea ndani ya umri wa mtu mmoja, na wazee wa Kizimkazi wanastahili heshima kwa sehemu yao katika mabadiliko hayo. Hata hivyo, pomboo wameendelea kufa katika maji hayo hayo bila kuwapo mtu aliyewakusudia. Wanakufa kwenye nyavu zilizotegwa kwa ajili ya samaki wengine, na ili kuelewa sababu yake inatupasa kurudi nyuma, kwa maana wavu ndio uliowakutanisha binadamu na pomboo tangu kale.

Pomboo si samaki, ingawa watu wengi bado humwita hivyo. Ni mamalia kama ng'ombe au binadamu: hupumua kwa mapafu kupitia tundu lililo utosini, huzaa mtoto hai, na humnyonyesha. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kuyaandika hayo kwa usahihi, na inashangaza kwamba watu wengi baada yake waliendelea kumhesabu pomboo miongoni mwa samaki kwa karne nyingi. Kwa pomboo wa jamii ya pua ya chupa wanaoonekana Kizimkazi, mimba huchukua takriban miezi 12, mtoto huzaliwa mmoja, na mama hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwa sababu mnyama anayezaa polepole namna hii hawezi kuziba pengo la vifo kama wanavyoweza dagaa.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mwandishi wa Kirumi Plinio Mkubwa alieleza jinsi wavuvi wa pwani ya kusini ya nchi ambayo leo ni Ufaransa walivyovua mkizi kwa msaada wa pomboo, waliowazuia samaki wasikimbilie kilindini mpaka nyavu zikawazunguka. Mtu angeweza kudhani kwamba hiyo ni hekaya ya mabaharia. Lakini jambo linalofanana sana na hilo linafanyika hadi leo katika mji wa Laguna, kusini mwa Brazil, na limefanyika huko kwa zaidi ya miaka 140. Wavuvi husimama kwa safu katika maji machafu yanayowafika kiunoni, kila mmoja ameshika kimia begani, nao hawaoni samaki hata mmoja. Pomboo huja wakiwasukuma mkizi kuelekea ufukweni, kisha mmoja wao hupinda mgongo na kuzama ghafla karibu na safu ya watu. Mvuvi mzoefu huitambua ishara hiyo na kurusha kimia chake papo hapo. Asiyeijua hurusha mapema mno au amechelewa. Ujuzi huo hauandikwi popote, bali kijana huupata kwa kusimama miaka mingi kando ya baba na babu zake, na ndama wa pomboo nao wanaonekana kujifunza kwa mama zao.

Utafiti wa Laguna uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulitumia droni kutazama kutoka juu na vinasa sauti vilivyowekwa chini ya maji, ulithibitisha kwamba faida ni ya pande zote mbili. Wavuvi hupata samaki wengi zaidi wanaporusha nyavu kwa wakati unaolingana na ishara, na pomboo nao huongeza milio yao ya kuwinda pale kimia kinapotua, kwa kuwa kundi la mkizi limevurugika na ni rahisi kumdaka mmoja mmoja. Matokeo yaliyonigusa zaidi ni haya: pomboo wanaoshirikiana na wavuvi wana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa takriban asilimia 13, kuliko wenzao wasioshirikiana, na mojawapo ya sababu ni kwamba wakiwa karibu na wenye vimia huwa mbali na nyavu haramu za kutega zilizoko kwingine katika maji yale. Katika mji huo huo, basi, wavu ulio mkononi mwa mtu humnufaisha pomboo, na wavu ulioachwa baharini bila mtu humuua.

Tofauti hiyo inafafanuliwa na elimu ya sauti, nayo pia ilianzia kwenye nyavu. Arthur McBride, msimamizi wa bwawa kubwa la wanyama wa baharini lililofunguliwa Florida, Marekani, mwaka 1938, alikuwa akishiriki kuwakamata pomboo usiku katika maji yenye tope. Aliona kwamba walizikwepa nyavu zenye matundu madogo hata pale ambapo jicho lisingeweza kuona kitu, lakini zile zenye matundu mapana ziliwanasa. Akashuku kwamba pomboo hutambua vizuizi kwa mwangwi, kama popo afanyavyo hewani. Maandishi yake ya mwaka 1947 yalichapishwa mwaka 1956, baada ya kifo chake. Muda mfupi baadaye, Kenneth Norris na wenzake huko California walimfunika pomboo mmoja macho kwa vikombe laini vya mpira, na mnyama huyo akaendelea kupita katikati ya vizuizi bila kuvigonga.

Leo tunajua jinsi uwezo huo unavyofanya kazi. Pomboo hutoa milio mifupi mno, mfano wa vidoko vinavyofuatana kwa kasi, kutoka kwenye njia za hewa zilizo chini ya tundu la utosini. Tufe la mafuta lililo kwenye paji la uso wake hukusanya milio hiyo na kuielekeza mbele, kama kioo cha kurunzi kinavyoelekeza mwanga. Sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, hugonga kitu na kurudi, na mwangwi hupokelewa hasa kupitia taya la chini, ambalo nalo lina mafuta yanayoipeleka sauti hadi sikioni. Kwa njia hiyo pomboo anaweza kumfuata samaki mdogo gizani na hata kumtambua aliyejificha chini ya mchanga. Mbali na vidoko ana miluzi, na kila pomboo wa jamii ya pua ya chupa hujitungia mluzi wake mwenyewe angali mdogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kwamba akisikia mluzi wake ukipigwa kupitia kipaza sauti, hujibu, na miluzi ya wengine kwa kawaida huiacha ipite. Neno "jina" limekaribia sana kufaa hapo.

Kwa nini, basi, mnyama mwenye masikio kama hayo anaswe na jarife? McBride alikwisha kuigusa sehemu kubwa ya jibu. Nyavu za jarife, zinazotegwa kwa ajili ya papa, taa, nguru na jodari, zina matundu mapana, na uzi wa nailoni ni mwembamba na hurudisha mwangwi hafifu sana. Kile kinachosikika vizuri ni maboya juu na samaki walionaswa katikati, na samaki hao ndio wanaomvuta pomboo asogee. Isitoshe, pomboo hatoi vidoko muda wote. Anaposafiri katika maji anayoyazoea, au anapopumzika huku nusu moja ya ubongo ikiwa imelala na nusu nyingine ikibaki macho, husikiliza zaidi kuliko kutafuta. Nyavu hutegwa usiku, yeye hajui kwamba jana hapakuwa na kitu na leo kipo, na akishanaswa mkia au mdomo ana dakika chache tu kabla ya pumzi kumwishia. Jambo hili linanihuzunisha kila ninapolieleza, kwa sababu mnyama huyo hafi kwa uzembe wake wala kwa ubaya wa mvuvi, ambaye mara nyingi hupata hasara ya wavu uliochanika.

Makadirio yaliyofanywa kati ya mwaka 1999 na 2002 katika pwani ya kusini ya Unguja yaliwahesabu pomboo wenye pua ya chupa wasiofika 200, na pomboo wenye nundu wasiofika 70. Katika makundi madogo kiasi hicho, hata vifo vichache kwa mwaka ni vingi, na watafiti walioshirikiana na wavuvi wa Zanzibar walihitimisha kwamba idadi iliyokuwa ikinaswa ilizidi kile ambacho makundi hayo yangeweza kustahimili. Pomboo mwenye nundu wa Bahari ya Hindi, anayependa maji ya kina kifupi karibu na pwani ambako nyavu ni nyingi, sasa anahesabiwa duniani kuwa katika hatari ya kutoweka. Nasi hatuko peke yetu: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yanaonesha kwamba nyavu za kunasa jodari katika Bahari ya Hindi nzima ziliua mamalia wadogo wa baharini wapatao milioni 4.1 kati ya mwaka 1950 na 2018.

Utalii nao, ambao ulimwokoa pomboo wa Kizimkazi na chusa, una gharama yake. Watafiti waliowafuatilia pale wameonesha kwamba boti zinapowazunguka na watu kuruka majini, pomboo hupunguza muda wa kupumzika na kula na kutumia muda mwingi zaidi kusafiri, na mama wenye watoto wanaonyonya husumbuka zaidi. Nahodha anayejua kazi yake husogea polepole kutoka ubavuni, huenda sambamba nao, hakatizi njia yao wala hawafukuzi wanapozama, na huondoka akiwaona wamelala. Mgeni asimshinikize nahodha wake afanye kinyume cha hayo kwa ahadi ya bahashishi.

Kuhusu nyavu, dawa zipo ingawa hakuna iliyo kamili. Vifaa vidogo vinavyotoa mlio vimejaribiwa katika bahari nyingi, Zanzibar ikiwemo, lakini vinahitaji betri na fedha ambazo mvuvi mdogo hana. Njia niionayo kuwa karibu zaidi na mfuko wake imetoka Pakistan, ambako wavuvi wa jodari walizishusha nyavu zao takriban meta 2 chini ya uso wa maji badala ya kuzining'iniza juu kabisa. Pomboo waliopita karibu na uso wa bahari walinaswa kwa kiwango kidogo sana, na mapato ya jodari hayakupungua kwa kiasi cha kuwavunja moyo. Kurefusha kamba za maboya si kazi ya kitaalamu, na ingefaa kamati za uvuvi za vijiji vyetu zilijaribu jambo hilo zenyewe na kulinganisha uzito wa samaki.

Mvuvi anayemkuta pomboo angali hai katika jarife anaweza kumsaidia hapo hapo. Aanze kwa kuinua kichwa ili tundu la utosini liwe juu ya maji, kwa kuwa jambo la kwanza analolihitaji ni pumzi. Akate nyuzi kwa kisu kifupi kuanzia mdomoni kuelekea mkiani, bila kumvuta kwa mkia wala kwa mapezi, kwa sababu viungo hivyo huteguka kwa urahisi. Ndama akiwa pembeni, asiondolewe wala kufukuzwa. Mama akiachiliwa watakutana wenyewe. Aliyekwisha kufa aripotiwe kwa afisa uvuvi wa eneo, pamoja na tarehe, mahali, kina cha maji na aina ya wavu, na mvuvi asiogope kutoa habari hizo, kwani ni kwa taarifa za wavuvi wenyewe kwamba vifo hivi vilijulikana Zanzibar.