Maana ya limpu modi: kwa nini pikapu ya dizeli hupoteza nguvu ghafla inapovuta trela

Dereva anapanda mlima akiwa amefunga trela nyuma ya pikapu yake ya dizeli. Injini inavuta vizuri, kisha ghafla, bila mlio wa kitu kuvunjika, kanyagio la mafuta linakuwa kana kwamba limekatika. Analikanyaga hadi mwisho na gari haliongezi kitu. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, na mwendo unashuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 40 huku magari ya nyuma yakimkaribia. Mafundi wengi huiita hali hii limpu modi. Kwa Kiswahili naona inafaa kuitwa hali ya kujihami, kwa sababu mara nyingi injini yenyewe haijaishiwa nguvu: kompyuta inayoiongoza ndiyo iliyoamua kumnyima dereva sehemu kubwa ya nguvu hiyo ili kuzuia uharibifu ambao ungegharimu zaidi.

Ili kuelewa jinsi kompyuta inavyopata mamlaka hayo, ni lazima kwanza kufahamu kwamba katika dizeli za kisasa kanyagio halifungui mafuta moja kwa moja. Zamani kulikuwa na kebo iliyotoka kwenye kanyagio hadi kwenye pampu, na mguu wa dereva ndio ulioamua. Siku hizi kanyagio ni sensa tu, yaani kifaa cha kupima na kutuma taarifa. Dereva anapolikanyaga anatuma ombi, na kompyuta hulipima ombi hilo kwa kuangalia hewa iliyopo, joto la injini, shinikizo la mafuta na hali ya mfumo wa moshi, ndipo iagize kiasi cha mafuta kitakachopulizwa ndani ya silinda. Wakati wote huo inalinganisha ilichoagiza na kinachosomwa na sensa. Tofauti kati ya viwili hivyo ikizidi kiwango kilichowekwa, na ikadumu kwa muda uliowekwa, kompyuta huandika msimbo wa hitilafu katika kumbukumbu yake na kupunguza nguvu. Katika magari mengi, turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, huachwa ifanye kazi kidogo sana na mizunguko ya injini huwekewa ukomo.

Hapo ndipo trela inapoingia, na naomba msomaji atulie kidogo katika jambo hili kwa kuwa ndilo linaloleta mabishano mengi kati ya madereva na mafundi. Pikapu tupu inayokwenda kwenye tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa injini yake. Kasoro ndogo inaweza kukaa ndani ya gari hilo kwa miezi bila kujionyesha, kwa sababu hakuna kinachodai kile kilichopungua. Mzigo wa tani mbili au tatu ukifungwa nyuma na mlima ukaanza, injini inadai mafuta mengi, hewa nyingi na upozaji mwingi kwa wakati mmoja, tena kwa dakika kadhaa mfululizo. Kwa hiyo dereva anayesema gari lake ni zima anaposafiri bila trela, na fundi anayelizungusha mtaani kisha akasema halina tatizo, wote wawili wanasema kweli kuhusu walichokiona. Hakuna kati yao aliyeipima injini pale inapolemewa.

Chukua mfano wa chujio la mafuta. Katika mfumo wa reli ya pamoja, yaani bomba moja linalogawia silinda zote mafuta, pampu husukuma dizeli hadi shinikizo ambalo wakati injini inanguruma bila mzigo huwa bar (kipimo cha shinikizo) mia chache tu, lakini chini ya mzigo mkubwa hufikia bar 1,600 hadi 2,500 kulingana na injini. Chujio lililoanza kuziba hupitisha mafuta ya kutosha kwa mwendo wa kawaida. Mlimani pampu inavuta kuliko chujio linavyoweza kupitisha, shinikizo ndani ya reli linashuka chini ya kile kilichoagizwa, na kompyuta inakata nguvu. Maji ndani ya dizeli au pampu dhaifu ya kwenye tangi huleta dalili zilezile. Nimeona watu wakibadilisha injekta zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, kazi ya gharama kubwa, kabla ya kugusa chujio ambalo muda wake wa kubadilishwa ulikuwa umepita zamani.

Upande wa hewa una hila zaidi. Turbo husukuma hewa kupitia hosi nene za mpira hadi kwenye kipoza hewa na kutoka hapo hadi kwenye injini, na chini ya mzigo shinikizo ndani ya hosi hizo hupita mara mbili ya lile la hewa inayotuzunguka. Pikapu moja niliyokuwa nikiitumia kuvutia trela ilipoteza nguvu mara tatu katika safari moja, kila mara kwenye mwinuko, na kila nilipozima na kuwasha ilirudi kuwa nzima. Nilikwenda kwa fundi nikiwa nimeshakubali moyoni kwamba turbo imekufa. “Subiri kwanza, mzee,” akaniambia, “turbo tutaihukumu mwisho.” Akapitisha vidole chini ya hosi ya kipoza hewa, upande usioonekana kwa macho, na vidole vikarudi vikiwa na utando mweusi wa mafuta. Alipolegeza klampu na kuukunja mpira, ulifunguka mpasuko wa urefu wa ukucha. Injini ikiwa imetulia mpasuko ule ulijifunga wenyewe. Shinikizo lilipopanda ulifunguka kama mdomo, hewa ikatoka, na sensa ya shinikizo ikaripoti upungufu. Moshi mweusi unaotoka ghafla pamoja na sauti ya hewa inayovuja, kabla tu nguvu haijakatika, ni dalili ambayo dereva anapaswa kuikumbuka na kumweleza fundi.

Joto nalo hupunguza nguvu, lakini kwa namna tofauti, na ni vizuri kuzitenganisha namna hizi mbili. Maji ya kupozea, mafuta ya giaboksi ya otomatiki au moshi unaotoka kwenye silinda vikipata joto kupita kiasi, kompyuta hupunguza nguvu hatua kwa hatua na kuirudisha yenyewe vitu vikipoa. Hali ya kujihami inayotokana na hitilafu huja kwa mkato, na kwa kawaida haiondoki hadi injini izimwe na kuwashwa upya, na mara nyingine hata hapo haiondoki. Dereva anayeweza kusema kama nguvu ilififia au ilikatika amekwisha kumpunguzia fundi nusu ya kazi. Rejeta iliyozibwa na vumbi na wadudu, au feni isiyoshika vizuri, huangukia kundi hili la joto.

Sababu ya mwisho ni ngeni zaidi, nayo ndiyo inayofanya pikapu mpya zitofautiane na za miaka ya tisini. Sheria za kupunguza moshi, zilizokazwa Marekani mwaka 2007 na tena mwaka 2010, ziliwalazimisha watengenezaji kuweka kichujio cha masizi kwenye ekzosi na mfumo unaopuliza maji ya urea, yenye urea asilimia 32.5, ili kuvunja gesi chafu za oksidi za naitrojeni. Kichujio hujisafisha kwa kuchoma masizi kwa joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Gari linalokwenda safari fupi fupi halipati nafasi ya kukamilisha kazi hiyo, masizi yanajaa, na siku ya kuvuta trela moshi unakosa njia ya kutosha. Kuhusu urea, kupunguza nguvu kuliwekwa makusudi ili mwenye gari asiupuuze mfumo: tangi likiisha, au sensa yake ikidanganya kwamba limeisha, baadhi ya malori hushushwa hadi maili 5 kwa saa, yaani takriban kilomita 8. Mwezi Agosti 2025 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitoa mwongozo wa kuwataka watengenezaji walegeze programu hizo, na ikaeleza kwamba malori mapya ya dizeli ya barabarani kuanzia modeli ya 2027 yaundwe ili yasipoteze nguvu ghafla kwa kuishiwa urea. Naiona hatua hiyo kuwa ya haki, kwa sababu sensa iliyokufa haipaswi kumwacha mtu na trela yake katikati ya barabara kuu.

Nguvu ikikatika, usukani na breki bado vinafanya kazi kama kawaida maadamu injini inanguruma. Dereva awashe taa za tahadhari, ashuke gia, aache kukanyaga kwa nguvu na kutafuta mahali pa wazi pa kusimama mbali na njia ya magari. Kuzima na kuwasha upya kunaweza kumfikisha mahali salama, ila hakuponyi chochote, na kuirudia mara kwa mara ili kumaliza safari ni kuilazimisha injini ipite ulinzi wake.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni kwamba misimbo isifutwe kabla ya kusomwa na kuandikwa. Pamoja na kila msimbo, kompyuta nyingi huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati ule: mizunguko, mwendo, joto, na shinikizo lililoagizwa kando ya lililopatikana. Msimbo unaosema shinikizo la turbo liko chini haumaanishi kwamba turbo ndiyo mbovu. Unamaanisha kwamba sensa ilisoma hewa pungufu, na hewa hiyo inaweza kuwa imepotea popote kati ya chujio la hewa na silinda. Picha hiyo ikikosekana, njia iliyobaki ni kuifunga trela ileile, kumpa fundi kiti cha abiria pamoja na mashine yake ya kupimia, na kuupanda mlima uleule huku akitazama ni namba ipi inayoanguka kwanza.