Je, wajua? Kwa nini maandishi yaliyokatwa vipande hayarudi kama yalivyokuwa

Unabandika maandishi kwenye zana ya kukata maandishi ndani ya kivinjari, unataka kila kipande kiwe na herufi 5,000, unapakua vipande vyako. Baadaye unaviunganisha kwa mpangilio uleule. Palipokuwa na 😀 sasa pana alama mbili za �, na faili limeongezeka baiti 2 (baiti ni kipimo kidogo cha ukubwa wa faili). Hujagusa kitu. Imekuwaje?

Wengi hujibu kwamba zana ilikata kwa baiti, na kwamba ingekata kwa herufi yasingetokea. Ukweli uko upande wa pili kabisa. Mkato wa baiti, ambao hauangalii unapita wapi, unarudishika bila kupotea hata nukta. Unaopoteza ni mkato unaosema unahesabu herufi, kwa sababu mara nyingi kinachohesabiwa si herufi.

Zana hizi huandikwa kwa JavaScript, lugha ya mwaka 1995. Wakati huo Unicode, orodha inayoipa kila alama ya maandishi namba yake, ilikuwa na nafasi 65,536, kwa hiyo baiti 2 zilitosha alama yoyote. Mwaka 1996 nafasi zikapanuliwa hadi kupita milioni 1, na alama za nje ya zile za mwanzo zikaanza kuandikwa kwa nusu mbili, kila nusu baiti 2. JavaScript ilibaki kuhesabu kwa mtindo wa zamani. Kwake neno "ng'ombe" lina urefu wa 7, sawa na unavyohesabu wewe, lakini 😀 moja ina urefu wa 2. Ukiiambia ikate, iko tayari kupita katikati.

Hapo bado hakuna kilichoharibika. Nusu mbili zikiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ukiziunganisha unapata 😀 yako nzima. Hasara huja wakati wa kupakua. Chukua picha iliyochanwa katikati. Ukitunza vipande viwili, gundi itairudisha. Sasa kila kipande kipitie kwa karani mwenye amri moja: asiingize kwenye jalada kitu chochote kisicho kamili. Anapokea nusu ya kwanza, anaitupa, na mahali pake anaweka karatasi inayosema "palikuwa na kitu hapa". Kwa nusu ya pili anafanya vivyo hivyo. Ukija na gundi, unaunganisha karatasi mbili za karani, wala si picha.

Karani huyo ni UTF-8, mfumo ambao faili nyingi za maandishi huhifadhiwa kwao. Hauruhusu nusu iliyoachwa peke yake, hivyo kila nusu hubadilishwa kuwa �, ambayo ni baiti 3. Emoji iliyokuwa baiti 4 inakuwa alama mbili, baiti 6. Ndizo baiti 2 zilizozidi.

Mkato wa baiti hauna karani. Kivinjari kinaweza kumega faili kama lilivyo bila kulisoma kama maandishi, na kisichosomwa hakikataliwi. Kipande kimoja kitaishia na baiti mbili za emoji, kinachofuata kitaanza na mbili zilizobaki, na vikiunganishwa kwa mpangilio vinarudi vilevile. Sharti ni moja: usikifungue kipande kwenye programu ya kuandikia ukakihifadhi, maana programu hiyo nayo inaweza kuwa karani.

Kama kila kipande kitasomwa peke yake, zana nzuri husogeza mkato kidogo, na hapa UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, inapendeza sana. Baiti ya kwanza ya kila alama hutangaza alama hiyo ina baiti ngapi, na baiti zinazofuata zote huanza na biti mbili, 1 kisha 0 (biti ni moja ya tarakimu nane zinazounda baiti), alama ya kwamba "mimi ni mfuasi". Mkato ukiangukia kwa mfuasi, zana hurudi nyuma, baiti 3 kwa wingi, na imefika mwanzo wa alama. Haihitaji kusoma faili tangu juu.

Kuijaribu zana yako, bandika a😀b na uagize vipande vya herufi 2. Ukipata "a😀" na "b", inahesabu alama nzima. Ukipata "a�" na "�b", inahesabu nusu. Kisha jaribu emoji ya familia ya watu wanne, 👨‍👩‍👧‍👦. Hiyo ni emoji nne zilizofungwa kwa viunganishi vitatu visivyoonekana: urefu wa 11 kwa JavaScript, baiti 25 kwa UTF-8. Hata zana iliyofaulu jaribio la kwanza huweza kuitawanya familia. Vivinjari vya sasa vina kifaa cha ndani kiitwacho Intl.Segmenter kinachotambua mipaka hiyo, ila mwandishi wa zana lazima awe amekitumia.

Kwa maandishi ya kawaida, mkato bora ni mwisho wa mstari ulio karibu kabla ya kikomo; usipokuwepo, nafasi kati ya maneno. Faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi, ni gumu zaidi: vichwa vya safu hubaki kwenye kipande cha kwanza tu, na seli iliyo ndani ya alama za kunukuu inaweza kuwa na mistari miwili, hivyo kuhesabu mistari kunaweza kuipasua. Vipe vipande majina kama sehemu_01, sehemu_02. Bila hiyo sifuri, programu nyingi zitapanga sehemu_10 kabla ya sehemu_2, na utaunganisha ovyo.

Ukimaliza kuunganisha, linganisha ukubwa wa faili kwa baiti, si kwa kilobaiti zilizokadiriwa. Tofauti yenyewe hukuonyesha pa kutazama. Zikizidi 2, au 4, au 6, tafuta alama ya �. Zikipungua 3, alama isiyoonekana ya mwanzo wa faili imeondolewa wakati wa kusoma. Zikipungua kwa idadi ileile ya mistari, maandishi yalipita kwenye kisanduku cha kubandikia, ambacho hugeuza mwisho wa mstari wa baiti 2, kama unavyoandikwa kwenye Windows, kuwa wa baiti 1. Kwa hilo la mwisho, rudia kazi kwa kuchagua faili lenyewe badala ya kubandika.